Mguu wa Nne

Karatasi ya daktari ilikuwa na mistari kumi na sita, na kumi na mitano kati yake haikuwa na ubishi. Mifupa ya kifua imevunjika, mapafu yametobolewa, mtu amefariki kabla ya kufikishwa hospitali. Mstari wa mwisho ndio uliomfanya Sajenti Loyce airudie mara ya tatu, chai yake ikipoa mezani: "Nguo za marehemu zimelowa majimaji yenye harufu ya pombe."

Daktari hakuandika kwamba kinywa kilinuka. Aliandika nguo.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa tisa, mwaka 2014. Loyce alikuwa amerudi Kasulu jana yake jioni kutoka Kibondo, alikokaa siku tano akisubiri kutoa ushahidi katika kesi ya wizi wa ng'ombe. Jalada alilikuta mezani, na lilikuwa kama limeshajifunga lenyewe. Ijumaa, kwenye kiwanja cha kokoto cha wajenzi wa barabara kule Makere, kreni ilikuwa ikishusha mtambo wa kusaga mawe kutoka kwenye trela. Kreni ikainama, mtambo ukayumba, ukampiga mpiga ishara, kijana wa pale pale Makere aitwaye Bazilio. Jumamosi akazikwa. Mwendesha kreni, Khatibu, mtu wa Tanga, yumo mahabusu. Askari aliyefika wa kwanza aliandika maneno machache: dereva ananuka pombe, marehemu naye ananuka pombe.

"Kesho saa tatu anapandishwa kizimbani," alisema Elisante, mkuu wake wa upelelezi, akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. "Jalada liwe kwangu saa moja."

"Na damu yake, mkuu?"

"Imekwenda Mwanza kupimwa. Majibu mwezi ujao, Mungu akipenda."

"Yakija kwamba hakunywa?"

"Loyce, pua za watu wanne zimeshasema. Unataka na ya tano?"

"Naam, mkuu. Yangu."

Elisante alicheka, akaenda zake.

Khatibu aliletwa akiwa amevaa shati la kuazima lililomfika juu ya kiuno. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye viganja vilivyokakamaa. Alikaa kwenye ncha ya benchi kama mgeni asiyetaka kumchosha mwenyeji.

"Unakunywa?" Loyce aliuliza.

"Sijawahi kuonja, dada afande."

"Kila aliyekaa kwenye benchi hilo amesema hivyo."

"Najua. Ndiyo maana niliposema mara moja sikurudia." Alitazama miguu yake. "Mama yangu yu hai kule Tanga. Ameshapigiwa simu kwamba mwanawe kaua mtu kwa ulevi. Kuua nitajibu kwa Mungu. Lakini ulevi!"

Loyce alisukuma kiberiti mezani. "Nieleze kreni inavyowekwa. Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

Khatibu alitoa njiti nne akazipanga chini ya pembe nne za kile kiberiti.

"Kreni haibebi mzigo kwa matairi. Ina miguu minne ya chuma, inatoka ubavuni, inakanyaga chini. Chini ya kila mguu unalaza mbao ngumu, ili uzito usambae. Ukishainua, hii minne ndiyo roho yako. Mmoja ukizama, ile mitatu haina kazi." Aliivuta njiti moja kwa kidole, kiberiti kikalala ubavu. "Uliozama ni wa nne. Wa nyuma, kulia."

"Mbao zilikuwepo?"

"Zote. Nilizipanga kwa mkono wangu."

"Nani alichagua mahali?"

"Msimamizi, Tharsisi. Alichomeka vibendera vyekundu asubuhi. Lakini trela ilipokuja ikashindwa kukata kona, tukasogea hatua kumi na mbili hivi. Nikamuuliza, hapa napo pamepimwa? Akanionyesha karatasi mfukoni. Bazilio akacheka. Akaikanyaga ile ardhi mara mbili kwa kisigino, hivi. Akasema, 'Kaka Khatibu, hapa ni jikoni kwa mama yangu. Hapa nimejifunzia kutembea. Ukizama hapa, nilaumu mimi.'"

"Ukainua."

"Nikainua. Mzigo ulipofika usawa wa kifua nikahisi kama mtu kanivutia kiti. Hakuna mlio, afande. Chini pakafunguka tu. Mtambo ukaenda upande wa Bazilio, ukamtupa kwenye shimo lililofunguka, pale pale mguu ulipozama. Niliruka nikaingia kumtoa. Matope mpaka mapajani, ya uvuguvugu. Nilidhani yote yale ni damu."

Loyce aliacha kuandika. "Uvuguvugu?"

"Kama uji uliokaa."

Nguo za Khatibu zilikuwa stoo, kwenye mfuko wa nailoni. Loyce alizitandaza juu ya gazeti. Suruali ilikuwa imekakamaa kwa matope meusi kuanzia pindo hadi mapajani, na harufu yake, tamu na chachu, ilijaza chumba chote. Shati lilikuwa na damu mikononi. Aliinusa kola, akanusa na kifua. Jasho na dizeli, basi. Mlevi hujimwagia kifuani, Loyce alijisemea. Huyu kalewa magoti.

*

Loyce alikwenda Makere na Konstebo Obedi, Mha wa Kibondo, mtu wa maneno mengi barabarani na machache kazini. Walipofika, lori la kifusi lilikuwa limesimama kinyumenyume kwenye ukingo wa shimo, tayari kumwaga. Loyce aliteremka kabla gari halijasimama vizuri, akainua mkono.

"Zima!"

Msimamizi Tharsisi alikuja akikimbia, kofia ngumu ikimchezea kichwani. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala.

"Afande, tulitaka kulifukia tu. Hilo shimo ni hatari kwa watu."

"Ijumaa ndiyo lilikuwa hatari. Nani kakuamuru?"

"Ofisini. Wanasema ni maji ya chini ya ardhi. Yamekula udongo taratibu, hakuna ambaye angejua. Mhandisi ameshaandika hivyo."

Loyce alimgeukia Obedi. "Mvua ya mwisho huku ilinyesha lini?"

"Mwezi wa tano, afande. Hata visima vimeanza kuonyesha matumbo."

Alianza na vibendera. Viwili bado vilikuwa vimesimama, viwili vimelala mavumbini. Alichuchumaa kando ya kila kimoja, akapeperusha vumbi kwa ukurasa wa daftari lake, na chini ya kila kimoja akakuta tundu la mviringo, unene wa kidole. Alitumbukiza kijiti, kikashuka hadi kikaisha. Kisha akahesabu hatua hadi pale kreni iliposimama kweli. Kumi na tatu. Alama za miguu mitatu zilionekana wazi, miraba mitatu iliyobonyea kidogo tu. Alitafuta tundu ndani ya miraba, pembeni yake, na katikati. Hapakuwa na tundu hata moja.

"Nipe fomu ya ukaguzi."

Tharsisi alikuwa bado nayo mfukoni, imekunjwa mara nne. "Ardhi imepimwa kwa nondo, pembe nne, kina mita moja na nusu. Ngumu." Saini. Saa mbili kamili asubuhi.

"Kreni ilisogezwa saa ngapi?"

"Saa nne na kitu."

"Karatasi hii inasema kweli, Tharsisi. Ulipima. Ila ulipima kule, mtu akafa huku."

"Trela ilikuwa imeziba njia. Watu walikuwa wananipigia honi. Nilimuuliza Bazilio, afande. Mtu akikwambia nimezaliwa hapa, utamchomea nondo mbele ya macho yake, kana kwamba unamwita mwongo?"

"Ndiyo," alisema Loyce, bila ukali. "Ndiyo kazi ya ile nondo."

Waliteremsha ngazi shimoni. Loyce alikunja suruali akashuka mwenyewe. Kina kilimfika mabegani. Alichotazamia, kama ni maji ya chini ya ardhi, ni kuta zilizomomonyoka ovyo. Lakini ukuta ambao mguu wa kreni haukuugusa ulikuwa umenyooka, na alama za jembe zilionekana, moja chini ya nyingine, kama ngazi ndogo. Mtu alilichimba shimo hili kwa mikono. Chini kulikuwa na tabaka juu ya tabaka la majani mapana, meusi, yaliyolazwa kwa mpangilio kama mikeka, na katikati yake uji mzito uliosagwa na chuma. Ubavuni kulikuwa na kitundu cha kupitisha mkono, na ndani yake majivu.

Alipopanda, Obedi alimpa mkono amvute. Obedi akavuta pumzi, akatabasamu kabla hajajizuia.

"Afande, unanuka pombe. Wakikuona kituoni hivi…"

Alimtazama Loyce, akatazama suruali yake, akatazama shimo. Tabasamu likamwisha usoni.

"Yoo," alisema taratibu.

"Sema."

"Hili ni shimo la kuivishia ndizi, afande. Ndizi za pombe. Unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi mbichi, unafunika majani, unafunika udongo. Pale ubavuni unawasha moto mdogo wa majani makavu, joto likishaingia unaziba. Siku nne, ukifukua zimeiva zote, za moto kama zimetoka jikoni. Hapo ndipo unakamua." Alisugua mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu. "Zikipitiliza siku zinaanza kuchacha humo humo."

"Shimo la zamani?"

Obedi aliokota kipande cha jani, akakivunja. "Jani hili halina wiki mbili."

Loyce alimgeukia Tharsisi. Alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani kwa mikono miwili.

"Nani aliishi hapa kabla yenu?"

"Bazilio na mama yake. Walihamishiwa kule mlimani mwezi wa sita. Shimo la ndizi lilikuwepo, ndiyo. Tulilifukia. Bazilio mwenyewe alishika koleo, akalishindilia. Ndiyo maana alikuwa na uhakika." Alitazama ile fomu mkononi mwa Loyce. "Nondo ingezama kama kwenye siagi. Mara moja tu ningeichoma."

*

Nyumba mpya ya Generosa ilikuwa juu ya mteremko wa mawe, migomba yake michanga imekonda kama mtu aliyetoka kuugua. Watu wa msibani walikuwa wachache, wameketi kwenye majani makavu, na mazungumzo yalikatika askari walipotokea. Theodosia, mdogo wake Generosa, aliwapokea nje kabisa, karibu na zizi la mbuzi, akapiga makofi mepesi ya salamu na viganja vyake akaviacha vimeshikana.

"Amelala kidogo," alisema. "Naomba mkimwona msimwambie ni upande gani mashine iliangukia. Sisi tumemwambia mashine tu, basi."

"Kwa nini mmemficha upande?" Loyce aliuliza.

Theodosia alitazama mbuzi.

"Shangazi," alisema Obedi, "tumeliona shimo."

Mwanamke yule akasogea karibu, akashusha sauti.

"Andikeni ni mimi. Ndizi zilikuwa zangu. Jumapili ile hawafanyi kazi, nikapita uani, nikalifukua shimo, nikaziweka. Ni mimi. Nipelekeni."

"Ndizi za nini?"

"Za… za kuuza."

"Theodosia," sauti ilitoka nyuma yao, "tangu lini wewe una migomba?"

Generosa alikuwa amesimama mlangoni, kanga imefungwa kichwani ovyo, mkono mmoja kwenye fremu. Alikuja pole pole akakaa kwenye kinu kilicholazwa chini. Loyce alichuchumaa ili asimtazame kutoka juu. Mikono ya mama huyo ilikuwa na madoa meusi ya utomvu wa ndizi, vidoleni na kwenye mikunjo ya viganja. Yale hayatoki kwa sabuni. Hutoka yenyewe, kwa siku nyingi.

"Mama, pole sana na msiba. Sikutaka kukusumbua."

"Hujanisumbua, mwanangu. Nilikuwa nakungoja. Mtu akiwa na mzigo kichwani anamngoja wa kumtua." Alivuta pumzi. "Waliniambia mashine. Nikauliza wapi, kila mmoja akatazama pembeni. Basi nikajua. Mtu hafichwi jambo lisilomhusu."

"Ndizi zilikuwa za nini, mama?"

"Za kumpeleka kwa wakwe. Jumamosi ile tuliyomzika ndiyo tulikuwa tupeleke pombe Titye, kwao binti aliyemchumbia. Huku juu ni mwamba, nimechimba siku mbili jembe likanirudi. Shimo la mwambani halishiki joto. Lile langu la zamani lilikuwa limezoea. Nikasema, kwa siku nne tu, nani ataona? Nikapandikiza na nyasi juu, mlinzi asijue."

"Bazilio alijua?"

"Hapana!" Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. "Angenikataza. Walikuwa wamemwonya kwamba mtu wa kwake akionekana mle ndani, kazi hana. Nilimwambia Theodosia, usimwambie mtoto, ataona pombe tu. Alhamisi nikaenda kuzitoa, nikakuta mlinzi mwingine, mkali. Nikasema, kesho."

Upepo ulipita migombani. Theodosia alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

"Mama," alisema Loyce, "yule mwendesha kreni yuko ndani. Wanasema alikuwa amelewa. Naye Bazilio wanasema hivyo hivyo. Ile harufu ni ya ndizi. Naweza kueleza habari za shimo bila kukutaja jina, nijaribu. Sijui kama watanikubali."

"Watauliza ni shimo la nani."

"Watauliza."

"Na kanisani walisoma sala ya mwanangu haraka haraka, kama wanaomzika mtu wa kilabuni." Generosa alijifuta macho kwa kiganja. "Andika. Andika kwanza kwamba hakuonja. Ndizi zilikuwa hazijakamuliwa, angeonja nini? Kisha andika shimo ni langu. Mtoto wa mwenzangu asilale ndani kwa ajili yangu. Naye ana mama."

Loyce aliandika kurasa mbili, akamsomea yote, Obedi akimfafanulia kwa Kiha pale alipokunja uso. Ulipofika wakati wa kuweka dole, Loyce alifungua kikopo cha wino. Generosa alikitazama kidole gumba chake, kilichokuwa cheusi tayari, akakichovya hivyo hivyo.

"Mtalifukia lile shimo?"

"Sasa ushahidi umekamilika. Wataruhusiwa."

"Waambie wasimwage kifusi chao. Nitalifukia mwenyewe."

*

Siku ya pili, saa moja asubuhi, Elisante alisoma jalada akiwa amesimama. Alipofika mwisho akakaa, akaanza upya. Kisha Loyce akamfungulia ule mfuko wa nailoni, na pembeni yake akaweka jani jeusi alilolitoa shimoni. Mkuu akanusa kimoja, akanusa cha pili.

"Mtoe," alisema. Baadaye kidogo: "Na huyu msimamizi?"

"Wito wake nimeshauandika. Alhamisi saa nne."

"Na huyu mama?"

"Mkuu, yeye alivuka uzio akaweka ndizi. Wa kupima ardhi hakuwa yeye. Nimeandika hivyo."

Elisante alisogeza jalada pembeni.

Khatibu alipokea mkanda wake, kofia yake na simu iliyokwisha chaji. Alisaini. Alikuwa tayari mlangoni alipogeuka.

"Dada afande, nani aliyenisemea?"

"Mama yake Bazilio."

Akarudi akakaa kwenye benchi lile lile. Loyce alimaliza kujaza kitabu cha zamu, akamkuta bado amekaa, mlango uko wazi mbele yake.

"Leo wanaanua matanga," alisema Loyce. "Mimi na Obedi tunapita huko."

Wote watatu walimkuta Generosa si nyumbani bali kiwanjani, ukingoni mwa shimo, peku, anavuta udongo kwa jembe. Mitambo yote ilikuwa imezimwa. Wafanyakazi walisimama mbali, Tharsisi miongoni mwao, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Jembe lilikuwa zito kwake; kila baada ya mivuto mitatu alisimama kupumua.

Khatibu alivua viatu. Alikwenda hadi upande wa pili wa shimo, akasimama, mikono ikimning'inia.

"Ni wewe uliyeingia kumtoa?" Generosa aliuliza bila kuinua uso.

"Ni mimi, mama."

"Ulipomshika, alikuwa bado na joto?"

"Alikuwa na joto, mama. Mpaka tulipofika barabarani."

Generosa aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikitafuta. Alizunguka shimo, akamkabidhi jembe, akakaa juu ya lundo la udongo kumtazama akifukia.